Inzi wa Agnesi

Agnesi wa Kidahwe alianza kukamua mawese kabla hajaolewa. Kila Jumatatu alichemsha chikichi kwenye pipa, akazitwanga, akazikamua kwa mashine ya mkono. Alifanya kazi hiyo na jirani yake Capitoline, Mama Ella, Mrundi aliyeolewa hapo kijijini. Alhamisi walipeleka madumu sokoni Mwanga, mjini Kigoma. Ilikuwa kazi ya moshi na jasho, lakini ndiyo iliyomsomesha binti yake Esther na kuezeka nyumba kwa bati.

Mwaka mmoja inzi walianza kumwandama. Walikuwa wadogo, weusi, na walipita upande wa kulia tu. Agnesi aliwapunga kwa mkono huku akichochea moto. Capitoline alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Esther, unapigana na nani? Mimi huyo inzi simwoni."

"Basi kipofu ni wewe," Agnesi alimjibu.

Wakacheka wote wawili. Laiti wangejua wanacheka nini.

Wote walikuwa na kisukari. Walichukua dawa zahanati siku ileile, na walizimeza kwa makosa yaleyale. Mwili ukiwa mzito, walimeza. Ukiwa mwepesi, dawa zilibaki kabatini. Miaka miwili nyuma muuguzi alimpa kila mmoja barua ya kwenda mjini Kigoma kupimwa macho. Agnesi aliikunja yake, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Macho yanaona, akapimwe nini?

Tena alikuwa na kinga yake. Esther alipokuwa mdogo, kliniki iliwafundisha akina mama kuwapikia watoto mawese, kwa sababu yana vitamini A inayosaidia macho. Somo lilikuwa la kweli. Agnesi akalivuta mpaka likakatika. Kila asubuhi alikunywa kijiko kizima cha mawese, akajiona amemaliza kazi. Kidahwe nzima inakula mawese, alisema, nani amepofuka?

Asubuhi moja aliamka jicho la kulia limejaa moshi, na moto ulikuwa haujawashwa. Jicho halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomponza. Aliongeza kijiko cha pili, cha jioni. Wiki zilivyopita moshi ukawa mzito. Kisha likashuka pazia jeusi, na hata mwanga wa mlangoni akauona kwa shida. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuambiwa aache kazi.

Mumewe, Gervasi, alijua siku alipomkuta anamimina mawese pembeni ya dumu. Yalikuwa yanatiririka chini, naye anaendelea kumimina. Gervasi alimshika mkono, akamuuliza tangu lini. Aliposikia ni wiki saba, alikaa chini palepale penye mafuta. Kisha akamwambia atafute karatasi zake zote za zahanati, waende mjini.

Hospitalini walipokewa na Wema, mtaalamu wa macho. Aliwaamkia, akamwekea Agnesi matone ya kupanua mboni. Walisubiri nusu saa, Agnesi akimsimulia habari ya inzi na ya moshi. Halafu akamulika kwa taa ndani ya jicho moja, na ndani ya la pili. La kulia alilitazama kwa muda mrefu. Alipomaliza alivuta kiti, akakaa karibu yao.

"Mama, nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba, unaitwa retina," alisema. "Huo ndio unaopokea picha ya unachokitazama na kuipeleka kwenye ubongo. Mishipa inayoulisha ni midogo sana. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa hiyo huharibika na kuvuja. Mwili huotesha mingine, lakini ni dhaifu, nayo hupasuka. Wale inzi wako walikuwa damu."

Agnesi aliuliza kuhusu mawese. Wema hakumcheka. Alisema mawese humsaidia aliyepungukiwa vitamini A, lakini hayazibi mishipa iliyoharibiwa na sukari. Alisema pia kwamba retina haiumi. Mtu anaweza kuona vizuri kabisa huku imekwisha kuanza kuharibika. Ndiyo maana mwenye kisukari hupimwa macho kila mwaka, hata kama anamwona sisimizi ukutani.

"Na hili la kulia litarudi?"

"Makovu yameivuta retina, imebanduka. Nitakuandikia rufaa walitazame, lakini sitakudanganya, mama. Muda umepita sana. La kushoto nalo limeanza. Hilo bado tunaweza kulipigania."

Agnesi alifungua mkoba, akatoa barua iliyokunjwa.

"Nilikuwa nayo," alisema.

Wema alisoma tarehe, akaikunja barua, akamrudishia. Gervasi aligeukia ukutani. Agnesi alimsikia akivuta kamasi, na hapo ndipo alipojua kwamba jicho limekwenda. Alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Hospitali ya rufaa ilikuwa nje ya mkoa. Huko walimchoma mionzi ya leza katika jicho la kushoto, kwa awamu tatu. Walimweleza kwamba leza huzuia mishipa mibaya isiendelee. Kilichokwisha kupotea haikirudishi. Kwa jicho la kulia hawakuwa na la kufanya.

Tangu hapo Agnesi humeza dawa zake kila siku, ajisikie mzito au mwepesi. Hupima sukari na presha, na haikosi tarehe ya macho. Jicho la kushoto limesimama palepale. Anapomimina mawese hugusa kwanza mdomo wa dumu kwa kidole. Esther alipomletea mjukuu wa kwanza, ilibidi amhamishie mtoto mkono wa kushoto ndipo amwone uso.

Capitoline alisikia habari yote, akasikitika kwa moyo. Akasema naye atakwenda kupimwa, chikichi zikipungua. Agnesi alimkumbusha mara mbili, na mara zote mbili chikichi zilikuwa bado nyingi.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Pipa lilikuwa linachemka na moshi umetanda. Capitoline alinyanyua mkono, akapunga mbele ya uso wake. Akapunga tena.

"Inzi wa leo wasumbufu," alisema.

Agnesi aligeuza kichwa chote, akatazama kwa jicho lake moja. Hapakuwa na inzi.

"Mama Ella, barua yako bado unayo?"

"Ego, ndiyo, iko sandukuni. Ngoja tumalize pipa hili."

Agnesi alichota maji ndoo nzima, akayamwaga kwenye moto. Chikichi za siku nzima zilibaki nusu mbichi ndani ya pipa. Capitoline alifungua mdomo kulalamika. Akakutana na jicho lile la kulia, akaingia ndani kwake kuchukua barua.