Habari ya Mlango wa Bluu

Kila asubuhi Kimya aliamshwa na cherehani. Jirani yao, Mama Cherehani, alianza kushona mapema, na mlio wa mashine yake ulipenya ukutani, taka-taka-taka, mpaka Kimya alipochukua ndoo kwenda bombani. Jina la Kimya alipewa na wenzake shuleni. Walisema hata akikanyagwa, yeye ndiye huomba radhi, tena kwa kunong'ona.

Wiki ile kipindupindu kiliingia mtaani. Mwandishi wa redio akaja bombani na kinasa sauti chake. Watu wazima wakageuza nyuso, naye akamwinamia Kimya.

"Mwanangu, umesikia nini?"

Hakuna aliyewahi kumsubiri Kimya namna ile mpaka amalize kusema.

"Nyumba yenye mlango wa bluu," alisema. "Watoto watatu wamekufa."

Hakuwa ameona kitu. Aliyasikia tu nyuma yake kwenye foleni.

Saa saba mchana redio ya dukani ikaanza na habari hiyo, kwa sauti yake mwenyewe. Ikarudiwa saa kumi. Ikarudiwa saa moja jioni. Kila alikopita, sauti ile nyembamba ilikuwa imeshamtangulia, ikihesabu watoto ambao hawakuwahi hata kuzaliwa. Maana mlango wa bluu ulikuwa wa Mama Cherehani, naye alikuwa na mtoto mmoja tu. Mtoto huyo aliugua, akatibiwa zahanati, akarudi nyumbani akidai chakula.

Asubuhi iliyofuata ukuta ulinyamaza. Kimya alilala macho wazi, akisubiri mlio usiokuja. Wateja walikuwa wamefuata vitambaa vyao, wakavipokea kwa ncha za vidole.

Bombani, mlinzi wa bomba alisimama mbele ya Mama Cherehani.

"Kaa mbali, mama. Redio imesema."

"Imesema watoto watatu. Hao wengine niliwazaa lini, na wewe unaniona kila siku?"

Mtu mmoja alicheka. Hakuna aliyempisha. Mama Cherehani akageuka na ndoo tupu, akashika njia ya kisima cha zamani, kile kilicho karibu na vyoo.

Kimya aliitazama ndoo ile ikienda. Mawazoni akamwona yule mtoto akinywa maji ya kisima. Akakimbia nyumbani.

"Mama, ile sauti ya redioni ni yangu."

Mama yake aliweka kisu chini. "Uliona kwa macho yako?"

"Hapana."

"Mpelekee jirani maji yetu yaliyochemshwa. Halafu vaa viatu, tunakwenda redioni."

Mwandishi aliwasikiliza mpaka mwisho, akajikuna kichwa. "Kosa ni langu. Zahanati ni mwendo wa dakika kumi, nami sikufika kuuliza. Tutasahihisha leo, mwisho wa taarifa, baada ya michezo."

Kimya alitazama ncha za viatu vyake. "Ya uongo uliisoma mwanzo," alinong'ona.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Baada ya michezo watu wanazima redio. Isomwe palepale. Na niseme mimi."

Mwandishi alimtazama mama mtu, kisha akavuta kiti.

Saa saba mchana taarifa ilianza na sauti ile ile nyembamba: "Nilisema nisichokiona. Mtoto ni mmoja, naye amepona." Baada yake muuguzi wa zahanati akaeleza jinsi ya kuchemsha maji. Jioni mlinzi wa bomba alibeba ndoo mwenyewe hadi mlango wa bluu, akaitua kizingitini.

Kimya alikuwa ndani, amesimama kando ya mashine.

"Nisamehe, mama."

Mama Cherehani alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. "Nimekusamehe. Lakini nikwambie, mwanangu. Mimi hupima mara mbili ndipo nikate, maana nguo ikikatwa vibaya naweza kuiunga, ila mshono utabaki. Neno nalo lipime kabla halijakutoka. Na huyo mwandishi wako, mwambie vilevile."

Kesho yake ukuta ulilia tena, taka-taka-taka. Kimya aliusikiliza mpaka mwisho. Lakini hata leo, redio ikiwashwa popote, yeye husimama kwanza, asikilize kama ataisikia sauti yake mwenyewe.