Aliyekaa Katikati

Asubuhi hiyo Apondi alishuka Busia akiwa na moyo uliotulia, jua likiwa la kawaida na barabara ya mpakani imejaa matrela kama siku zote. Alikuwa anarudia mtihani wa udereva. Mara ya kwanza aliangushwa kwa kusahau mkanda. Mara ya pili aliondoa gari bila kutazama kioo, nusura agonge bodaboda, na afisa wa mtihani akamwambia ashuke hapo hapo.

Safari hii hakutaka mchezo. Nyumbani Port Victoria, mumewe Onyuka alikuwa amepooza upande mmoja, na bodaboda haimbebi mtu asiyeweza kukaa wima. Pikapu yao ilikuwa uani, hakuna wa kuiendesha. Daktari alishasema wazi kwamba akikosa mazoezi ya hospitali, mkono uliopooza hautapata nguvu tena.

Mwalimu wake, Emuron, mtu wa kabila la Wateso kutoka Malaba, asiyejua kupaza sauti, alimkumbusha somo kabla hajaingia garini.

"Mama, watu hawaangushwi na gari. Wanaangushwa na haraka. Mkanda, kioo, indiketa, halafu geuza shingo uangalie nyuma ya bega. Na afisa akisema kitu, hakikisha umesikia. Usibahatishe."

Afisa alikaa mbele, kushoto kwa Apondi. Nyuma waliingia watahiniwa wawili waliongoja zamu yao: Sheilah, msusi wa pale mjini, na Oduori, kijana wa Namboboto.

Apondi akafunga mkanda. Akarekebisha kioo. Akamwona Sheilah upande huu, Oduori upande ule, na katikati yao mwanamke aliyeinamisha kichwa, amejifunga kitambaa cheupe.

Alidhani ni mtahiniwa aliyechelewa. Akageuza shingo kama alivyofundishwa.

Nyuma walikuwa wawili tu. Ila kila mmoja alikuwa amejibana mlangoni, kama watu waliompisha mtu.

"Unangoja nini, mama?" afisa akauliza.

Klachi. Gia. Handibreki. Gari likaondoka taratibu, bila kuruka. Apondi hakutaka kutazama kioo tena, lakini kutotazama ndiko kulikomwangusha mara iliyopita. Akatazama. Mwanamke alikuwa ameinua uso. Kitambaa kilipita chini ya taya na kufungwa utosini, jinsi maiti anavyofungwa ili mdomo usibaki wazi.

"Hapo mbele, pinda kushoto," afisa akasema.

Apondi akawasha indiketa ya kushoto. Ndipo sauti ya afisa ikamjia tena, karibu kabisa na sikio.

"Nimesema kulia. Haraka."

Mikono yake ikatii kabla ya akili. Usukani ukaanza kwenda kulia. Kisha akakumbuka. Hakikisha umesikia. Akamgeukia afisa.

Afisa alikuwa anatazama dirishani. Midomo yake imefumbwa.

"Pinda," sauti ikasema.

Midomo ile haikutikisika.

Apondi akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Trela tupu likapita mbele ya boneti kwa kishindo, upepo wake ukalitikisa gari. Nyuma, Sheilah akaanza kulia kwa kwikwi.

"Ulikuwa unaenda kulia kufanya nini?" afisa akauliza, akijifuta jasho.

Apondi alijua akisema alichosikia, mtihani umekwisha.

"Nimekosea, afande. Nikasimama."

Afisa akaonyesha barabara kwa mkono. "Endelea. Kushoto."

Akaendelea. Kila alipopaswa kutazama kioo, alitazama. Na kila alipotazama, mwanamke alikuwa amesogea. Mara magoti yamegusa kiti cha dereva. Mara kidevu kiko juu ya bega lake. Baridi ikamwingia shingoni. Hakupepesa macho. Alimfikiria Onyuka, akashika usukani, akalirudisha gari mahali pake na kuvuta handibreki.

"Kosa umefanya," afisa akasema. "Lakini wengi wakikosea huongeza mafuta. Wewe umesimama. Umepita."

Apondi alishuka. Sheilah akamshika mkono, akanong'ona.

"Dada, mbona ulikuwa unajiambia kulia, kulia?"

"Mimi?"

"Wewe. Na sauti ilikuwa ya mwanaume."

Emuron alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Hakuuliza matokeo.

"Nani alikaa hapa katikati?"

"Hakuna," Oduori akajibu.

Mkanda wa katikati ulikuwa umefungwa. Haukulala kitini. Ulikuwa umetuna mbele, umekaza, kama umezunguka tumbo la mtu. Emuron akanyoosha kidole, akabonyeza kifungo. Mkanda ukaanguka. Halafu sponji ya kiti ikainuka. Polepole. Kama mtu amenyanyuka.

"Kumbe na wewe umemwona," Emuron akamnong'oneza Apondi, akimtazama usoni. Tangu siku hiyo hakufundisha tena.

Leseni ilipotoka, Apondi alianza kumpeleka Onyuka hospitalini. Mkono umeanza kupata nguvu. Sasa anashika kikombe mwenyewe. Watu humsifu kwa uendeshaji wake wa uangalifu.

Juzi waliporudi, barabara ikiwa vumbi tupu, alizunguka nyuma ya pikapu kufunga turubai. Nyuma hawakuwa wamebeba mtu. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali huko nyuma, isipokuwa sehemu moja ya duara, safi, iliyobonyezwa, mahali pa kukaa mtu.

Na kwenye kioo kilicho nyuma ya kiti cha dereva, kwa nje, palikuwa na alama ya paji la uso.