Kompyuta Iliyosahau Mwaka

Jumamosi ile mama alimwogesha binti yake mapema, akamsuka nywele, akamvika gauni la kutokea.

"Kwani mnaenda harusini?" bibi alitania. Bibi huyu alikuwa mama mkwe wake, na waliishi pamoja.

"Leo ndiyo leo, Mama. Saa nne mtoto anapewa jina."

"Jina analo! Nilimpa mimi mwenyewe, la marehemu dada yangu."

"La mdomoni analo. Hili ni la mikononi."

Binti alikuwa na miaka minne. Alizaliwa hasikii. Kwa miezi mitatu sasa, kila Jumamosi, yeye na mama walijifunza lugha ya ishara kwenye kompyuta. Mwalimu wao aliishi mbali, naye pia hasikii. Alifundisha kwa mikono. Mama alipokwama, mwalimu alimwandikia maneno sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta. Mama alikuwa amejifunza kusoma mwaka jana tu, katika darasa la jioni. Basi alisoma polepole, kidole kikifuata herufi.

Wasiosikia hupeana majina ya ishara. Jina hilo hutolewa na asiyesikia mwenzako, akishakufahamu vizuri. Binti alikuwa bado hana lake. Na baada ya leo mwalimu alikuwa anaanza likizo ya uzazi. Wangemwona tena baada ya miezi minne.

Saa tatu na nusu mama aliwasha kompyuta, akafungua ukurasa wa darasa. Badala ya darasa, yakaja maandishi mengi na alama nyekundu. Alisoma mstari wa kwanza: "Muunganisho wako si salama." Akafunga haraka. Akafungua tena. Yale yale.

"Inasemaje?" bibi aliuliza.

"Inasema si salama."

"Wezi hao! Wameingia humo ndani! Zima, mwanangu, zima kabla hawajatuona!"

Mama alizima kompyuta, akawasha. Akazima ruta, kile kisanduku cha kuleta mtandao, akawasha. Wapi! Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia nne.

Bibi akakaa kitandani taratibu. "Mwanangu, nikwambie ukweli. Jana radi zilipokuwa zinapiga, niliichomoa kwenye umeme. Nimeiua?"

Neno kali lilimfika mama kwenye ulimi. Kisha akaona vidole vya bibi vikisokota upindo wa kanga, akalimeza.

"Hujaiua, Mama. Ngoja nimwite Fundi."

"Fundi saa? Hii si saa!"

"Angalau ana jicho la kuona vitu vidogo."

Fundi alikuwa mwanamke jirani wa chumba cha chini. Alitengeneza saa na redio. Alipanda ngazi mbio, simu mkononi, kioo chake cha kukuzia kikiwa bado kwenye paji la uso.

"Tuanze na vitu rahisi," alisema. "Umeme upo? Upo. Taa za ruta?"

"Zote zinawaka kijani."

"Nitajie neno la siri la waifai." Akaunganisha simu yake, na picha zikafunguka mara moja. "Mtandao mnao. Ungekataa hata kwenye simu, tungewapigia wanaotuletea huo mtandao. Mgonjwa wetu ni kompyuta peke yake."

"Basi tutumie simu yako!"

Fundi akaigeuza. Kioo kilikuwa kimepasuka pande zote. "Utaona vidole vingapi vya mwalimu hapa? Hii tuiweke akiba. Haya, kompyuta inasema nini?"

"Si salama."

"Halafu?"

"Halafu... nilifunga."

"Mbona?"

"Niliogopa," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Fungua tena. Soma mpaka mwisho. Wewe, si mimi."

Mama akaweka kidole kwenye kioo. Akapita mstari wa kwanza. Akapita wa pili. Kwenye wa tatu akasimama. "Sa-a ya kompyuta yako... i-ko nyuma." Akageuka. "Saa?"

Wote wakatazama pembe ya chini ya kioo. Tarehe mosi Januari, miaka kumi iliyopita.

"Mwaka huo mimi sijaolewa!" mama alisema.

"Na huyu hajazaliwa!" bibi akadakia. "Ndiyo maana haitutambui!"

Wakacheka. Binti akawatazama usoni, naye akacheka.

"Sikilizeni," Fundi alisema. "Ukurasa kama ule una kitambulisho. Kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta hukikagua kama mlinzi wa getini. Sasa mlinzi wetu ana kalenda ya zamani. Akiona kitambulisho cha mwaka huu, anasema: hiki hakijaanza kazi, rudi!"

"Kumbe hamna wezi."

"Leo hamna, Bibi. Lakini mkiona onyo hili na tarehe iko sawa, msilazimishe kuendelea. Msiandike neno la siri. Fungeni, kisha mniulize."

"Na kuchomoa kwangu?"

"Ulifanya vizuri sana. Radi huunguza kompyuta. Ila ndani mna betri ndogo, duara kama kifungo cha koti. Hiyo ndiyo hutunza saa wakati umeme haupo. Yenu imekwisha. Mchana nitaibadilisha."

Bibi akashusha pumzi ndefu.

Mama akafungua sehemu ya saa na tarehe. Akaandika mwaka, mwezi, siku na saa. Fundi akamwonyesha pa kubonyeza ili saa ijirekebishe yenyewe. Saa nne na dakika sita, darasa likafunguka.

Mwalimu alikuwepo, tumbo lake likigusa meza. Alipunga mkono. Binti akamrukia mama mapajani. Mwalimu akainua vidole viwili, akagusa pembe ya jicho, kisha akavirusha juu. Chini ya kioo akaandika, na mama akasoma kwa sauti ili bibi asikie:

"Hili ni jina lake. Nimemwangalia miezi mitatu. Kila kitu yeye hukiona wa kwanza."

Binti alijigusa pembe ya jicho. Akarusha vidole. Akajigusa kifuani: mimi. Mama alishindwa kusoma mstari uliofuata, maana herufi zilikuwa zimelowa machoni mwake.

Mchana Fundi alichomoa waya kwanza, kisha akabadilisha betri. Tangu siku hiyo kompyuta ikigoma, mama hutazama taa za ruta, hujaribu kwa simu ya jirani, hutazama tarehe. Na onyo likija, hulisoma mpaka nukta ya mwisho.

Jioni ile binti alikuwa anacheza sakafuni, amewapa mgongo. Bibi alimtazama kitambo. Akapiga mguu chini, mbao zikatikisika, na mtoto akageuka. Bibi akainua vidole vyake vigumu, akagusa pembe ya jicho, akavirusha juu.

Mtoto akaja mbio.