Chumba cha Aliyejibu

Ukuta wa kushoto wa chumba cha Karani haukuwa na jirani. Nyuma yake palikuwa na hewa tupu, na huko chini, ghorofa tatu, palikuwa na ua wa kuanikia nguo. Kwa hiyo ulipogongwa mara tatu, Jumamosi saa nane mchana, watu wanne waliokuwa wamezunguka meza walitazamana, kisha wakacheka.

"Panya," alisema Wakili.

"Panya wa ghorofa ya tatu, tena nje ya ukuta?" Sindano akamdaka. "Huyo kaja na ngazi yake."

Wakili hakuwa wakili hata kidogo. Alikuwa fundi wa majokofu, ila alizaliwa na ugonjwa wa kubisha. Sindano alikuwa mshonaji, mdogo wake Karani wa tumbo moja. Wa nne alikuwa Mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye sauti nzito, na mchezo ulikuwa wake. Yeye alisimulia nchi ya kubuni yenye wafalme, mazimwi na majini, wenzake watatu wakawa mashujaa humo, na dadu zikaamua nani apone na nani aumie. Walikuwa watu wazima na kazi zao. Wenzao kazini walipowacheka kwamba ni mambo ya kitoto, wao walisubiri tu Jumamosi.

Karani alitunza daftari. Kazini, masjala ya hospitali, alitunza majalada ya watu elfu, na mkono wake haukujua kuacha jambo bila kuliandika. Sheria ya meza ilikuwa moja: neno likisemwa na lisipopingwa, linaandikwa, na likiandikwa halifutwi. Ndiyo maana walibishana kufa na kupona. Swali lao kubwa lilikuwa, "Ukurasa wa ngapi?"

Jumamosi iliyopita Wakili alikuwa amembana Mwalimu kuhusu jini aliyefungwa na mfalme katika chumba kisicho na mlango.

"Kama hana pa kutokea, mchungaji wa sura ya nne kauawa na nani? Hadithi yako inavuja, Mwalimu."

Mwalimu, ambaye usiku kucha alikuwa amesahihisha mitihani, alikubali yaishe. "Basi hupiga hodi. Anayemjibu, chumba chake huwa cha jini na mlango wake hupotea. Jini hukaa humo mpaka ajibiwe na mwingine." Hakuna aliyepinga. Karani akaandika, ukurasa wa arobaini na moja.

Sasa ukuta uligongwa tena, na safari hii sauti ilifuata, sauti ya mtu mzima mwenye adabu zake.

"Hodi."

Sindano alikuwa ameinamia dadu zake. Alijibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa na wazazi, kabla ya akili kuuliza ni nani.

"Karibu!"

Kelele za watoto uani zilikatika. Karani aligeuka dirishani, akaona nyuma ya kioo pamesilibwa kwa udongo mbichi, na vidole vya aliyesiliba vilikuwa vimeacha michirizi mirefu kupita kiasi. Akageuka mlangoni. Hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta wa rangi ileile ya maziwa, na koti lake la kazini, ambalo siku zote lilining'inia nyuma ya mlango, lilikuwa sakafuni. Balbu iliendelea kuwaka. Harufu ya udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi ikajaa chumbani.

"Dada," Sindano alinong'ona, "mlango uko wapi?"

Mwalimu alikuwa tayari anaupapasa ukuta kwa viganja viwili. Simu za wote hazikuwa na mtandao. Wakili alipiga kelele mara moja, na sauti yake ikafia palepale mdomoni, akaogopa kurudia.

"Endeleeni," ilisema ile sauti, ambayo sasa ilikuwa ndani, karibu na kitanda. "Nawasikiliza tangu ukurasa wa kwanza."

"Mwanangu nimemwacha chumbani kwangu na mama mkwe," Sindano alisema, machozi yanamlengalenga. "Bado ananyonya. Nimesema narudi saa kumi."

Saa kumi ilifika na kupita. Hewa ilizidi kuwa nzito, na kila walipofumba macho walisikia mtu wa tano akipumua pamoja nao, polepole, akingoja wavute pumzi ndipo na yeye avute, na Karani, aliyekaa na goti lake limegusana na goti la mdogo wake ili ajue kwamba yupo, alihisi upande wa pili goti jingine, baridi, likisogea taratibu na kutulia pale kama la mgeni aliyezoea nyumba. Hakupiga kelele. Aliogopa mdogo wake asije akatazama.

Ndipo Wakili akalivuta daftari. Ugonjwa wake wa kubisha ulikuwa umempanda.

"Kuna hitilafu," alisema. "Ukurasa wa arobaini na moja. Imeandikwa 'chumba chake'. Chumba cha aliyejibu. Aliyejibu ni huyu, na humu si kwake! Humu kwa dada yake. Yeye ni mgeni tu kama mimi."

Pumzi ya tano ilisimama.

"Chake kipi?" ikauliza sauti.

"Chake kipo! Kapanga kule nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani, chumba cha mwisho!" Wakili aliyatamka kwa fahari ileile ya kila Jumamosi, kidole juu ya mstari.

Karani ndiye aliyeelewa kwanza. "Nyamaza, wewe!" alisema, lakini maneno yalishatoka, na hakuna aliyeyapinga kwa wakati.

"Hoja nimeikubali," ilisema sauti.

Mlango ulikuwepo. Watoto uani walikuwa katikati ya ukelele uleule. Sindano alishapita, viatu mkononi, akiliita jina la mwanawe, na wenzake wakamfuata mbio. Daftari lilibaki mezani.

Nyuma ya mashine ya kusaga palikuwa na nyumba ndefu ya wapangaji. Mwisho wake, palipokuwa na mlango wa kijani, palikuwa na ukuta mtupu. Jirani mmoja alikuwa akisuuza vyombo hatua tatu tu kutoka pale, wala hakuona ajabu yoyote. Ndani, mtoto alikuwa akilia, kilio cha mbali kama kinatoka chini ya maji. Kisha kikakatika.

"Hodi," ilisema sauti kutoka ndani.

Sindano alifungua kinywa, na Karani akamziba kwa kiganja na kumkumbatia kwa nguvu zake zote. "Usijibu. Ukijibu wewe, anabaki humohumo. Anataka mwingine."

Mwingine. Mwalimu alikuwa na baba yake mzee, aliyelala kitandani mwaka wa pili, chumba kimoja naye. Wakili alikuwa na mke na watoto watatu, na sasa alitazama viatu vyake. Chumba kitupu kilikuwa cha Karani peke yake. Kabla ya kukipata alikuwa amelala kwenye sebule za ndugu miaka kumi na mmoja, akikunja mkeka kabla wenye nyumba hawajaamka. Kitanda kile alikinunua mwenyewe. Alikipenda chumba kile, na kwa kitambo kidogo, kitambo alichokionea aibu maisha yake yote, alisita.

"Karibu," akasema.

Mlango wa kijani ukafunguka, na mama mkwe akatokea amembeba mtoto, amefura. "Nani kanifungia mlango? Mchezo gani huu?" Nywele za mtoto zilikuwa zimejaa vumbi la udongo. Sindano alimnyakua, akakaa chini palepale kwenye maji ya vyombo, akamnyonyesha.

Jioni ile Karani alipanda ghorofa ya tatu, akakuta ukuta. Kila kitu chake kilikuwa humo, pamoja na daftari.

Miezi miwili baadaye alipanga chumba kingine mtaa wa pili. Alipopokea ufunguo tu, mlango ukayeyuka mbele yake, na mwenye nyumba akamuuliza ameshika ufunguo wa wapi. Mwalimu aliposikia alishika kichwa. "Tuliandika 'chumba chake'," alinong'ona. "Hatukuandika ni kipi, wala mpaka lini."

Basi Karani akawa mgeni. Sindano alihamia nyumba ya vyumba viwili, akampa cha pili, naye akakataa kukiita chake. Hakupigilia msumari. Begi lake lilikaa limefungwa, na kila wiki alisema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba amepita tu. Miaka mitatu alipita tu.

Mchana mmoja alikuwa amekaa kitandani akimsuka mtoto wa mdogo wake, ambaye sasa alikuwa na maneno mengi kuliko Wakili. Sindano alikuwa akipika, mlango uko wazi.

"Kile cha mama na baba," mtoto alisema, akihesabu kwa vidole. "Na hiki cha mama mkubwa."

"Ndiyo, cha mama mkubwa," Sindano aliitikia kutoka jikoni, mawazo yakiwa kwenye sufuria. "Kwa hiyo usikichafue."

Karani alipaswa kupinga. Alikuwa na neno tayari, alilolisema mara mia. Lakini kichwa cha mtoto kilikuwa na joto mapajani mwake, na alikuwa amechoka kuwa mgeni, na alifurahi. Akanyamaza kwa muda wa kumaliza msuko mmoja.

Mlio wa sufuria ulikatika.

Mtoto aliinua uso kutazama palipokuwa na mlango. Kutoka nyuma yao, kwenye kona ya kitanda, mtu mwenye adabu zake alivuta pumzi.

"Karibuni," akasema.