Sahani ya Isidore

— Musalimie kwanza shemeji yako, ndiyo ukae.

Mama Léontine alisema vile akinionyesha kiti cha pili mezani. Pale hakukuwa mtu. Kulikuwa sanamu ya mti, fupi kama mkono wa mtoto, imevalishwa kashati ka buluu, sawasawa na shati la Pontien, mchumba wangu. Mbele yake kulikuwa sahani: bukari ya muhogo, majani ya sombe na samaki mzima wa mukebuka. Mvuke wa chakula ulikuwa unapanda kwenye uso ule wa mti.

Mimi nilibaki mlangoni na kapu langu.

— Virginie, Pontien akaninong'oneza, sema tu "Jambo, Isidore." Ni neno kidogo.

— Jambo, Isidore.

Basi, ndugu zangu, huko nje mtu akapiga mluzi. Mluzi wa meno, ule Isidore aliokuwa akiitia njiwa zake. Nilichungulia uani. Ni kuku tu.

— Ameitika, akasema Mama Léontine, akatabasamu.

Ilikuwa 1963, Kalemie yetu ingali inaitwa Albertville. Watu wa mapasa walijua sheria yao: pacha mmoja akifa, anachongewa sanamu, na kila kitu anachopewa aliye hai, na yule apewe. Shati kwa shati, samaki kwa samaki. Usipogawa sawa, aliyekufa ataona wivu, atamwita mwenzake kaburini. Isidore, pacha wa Pontien, alikufa kwa homa mwaka ule wa uhuru, akiwa na miaka kumi na sita.

Nikakaa. Pontien alikuwa na furaha, hata bukari ilimshinda.

— Padri wa iniversite anakuja Jumamosi, hapa kwa parokia. Kuna masomo mapya, Virginie! Muntu hafungiwi chumba kimoja. Anachukua huku, anachukua kule, anachanganya. Lakini lazima umueleze Padri kwa mdomo wako sababu gani unachanganya.

— Na wewe unachanganya nini?

— Historia, sheria, na udaktari pamoja na majani ya dawa.

— Udaktari? Wewe uliyezimia Mama alipochinja kuku wa Pasaka?

— Nilikuwa na njaa.

— Ulikuwa umetoka kula!

Mama Léontine hakucheka.

— Udaktari ni ya Isidore, akasema. Tangu utoto alisema atakuwa munganga. Historia ni ya Pontien.

— Na sheria, Mama?

— Ya kukaa katikati, wasigombane.

Mkono wangu ukasimama njiani na tonge lake. Kumbe hata masomo yaligawiwa kama mashati.

— Na mimi, Mama? Mimi ni wa nani?

Akanitazama kwa huruma, kabisa kabisa.

— Mutoto wangu, samaki akiwa mumoja, si tunakata vipande viwili?

Sikunawa hata mikono. Nilitoka.

Pontien alinikuta kwenye reli, karibu na bandari.

— Virginie, ngoja! Mama anazeeka, usimusikilize.

— Mama anasema wazi. Wewe ndiye unanyamaza. Toka tujuane, unasema "sisi tunakupenda, sisi tutajenga". Sisi nani?

Akatazama ziwa.

— Wewe hujui. Asubuhi nikinyoa, kwenye kioo ninamuona yeye. Alikufa hana ndevu. Sasa anazo. Anakomaa pamoja na mimi. Nikimunyima masomo, ataniita.

Nilimpenda, na nilimwogopa pia, yeye na yule aliyekuwa ndani ya sura yake.

— Siolewi na watu wawili, Pontien.

— Unaniacha?

— Jumamosi nitakuwa pale. Padri akikuuliza nani anasoma, na mimi nitasikiliza jibu. Ukisema tena "sisi", nitarudisha kikwembe chako, kile kitenge cha uchumba.

Jumamosi madirisha ya parokia yalikuwa wazi, nasi tukajaa nje kama watu wa matanga. Padri Anatole alikuwa mfupi, miwani minene, sauti kubwa. Pontien alisimama mbele yake. Kichwa cha sanamu kilichungulia kutoka mfuko wa koti.

— Udaktari, historia, sheria, akasema Padri. Mwanangu, huu si mpango. Hili ni kapu la soko. Nani alikuambia vitu hivi vinapikika chungu kimoja?

— Sisi tulifikiri...

Nikakishika kikwembe ndani ya kapu.

— Sisi nani? Ninaona muntu mumoja.

Pontien akatazama mfuko wa koti. Jasho likamtoka.

— Toka, ukunywe maji. Urudi na swali moja linaloyafunga yote matatu. Kama hunalo, nafasi ninampa mwingine.

Kwenye mtungi wa maji nilikuwa nimemtangulia. Kikwembe kilikuwa ndani ya kapu langu, kimekunjwa.

— Umekuja kunirudishia, akasema.

— Kitendawili.

— Virginie, si saa ya...

— Kitendawili!

— Tega.

— Moshi unatoka kwa milango mitatu, moto ni mmoja.

— Nyumba inaungua. Hata watoto wanajua.

— Basi kwa nini unamuhesabia Padri milango? Umuambie kinachoungua.

Akashika mfuko wa koti.

— Isidore, akasema polepole. Ni Isidore anayeungua.

Akaacha kikombe, akarudi ndani, nami nikarudi dirishani.

— Padri, ndugu yangu alikufa kwa homa. Wadaktari wazungu walikuwa wamepanda meli, wamekimbia. Daktari mweusi hakukuwa, hata mumoja, nchi nzima. Mama mumoja aliyetoka Kirungu alijua jani la homa ile, lakini enzi ya wazungu walimufunga kwa sababu ya kutibu watu. Tulipogonga, aliogopa kutufungulia. Sasa mimi ninauliza: jani lile lina nini? Sheria gani ilifunga ule mlango? Na ni historia gani iliyotuacha bila munganga wetu? Swali ni moja, Padri. Nini kilimuua ndugu yangu? Chumba kimoja hakiwezi kunijibu.

Padri akavua miwani.

— Watu wa parokia wananiambia unaogopa damu.

— Nitazimia, Padri. Kisha nitaamka.

Padri akacheka mpaka tumbo likatikisika. Kisha akauliza kwa upole:

— Na anayeuliza ni nani? Bado ni "sisi"?

Pontien akageuka, akanitafuta dirishani.

— Ni mimi. Isidore hawezi kuuliza. Yeye ndiyo swali.

Padri akaandika jina lake kwenye daftari.

Kando yangu Mama Léontine alikuwa analia kwenye leso.

— Pontien amepewa iniversite, akasema. Mwenzake je? Mwenzake amepewa nini?

— Amepewa masomo yote, Mama. Yote matatu yanamutafuta yeye.

Alinitazama sana. Kisha akaingiza mkono kwenye kapu langu, akatoa kikwembe, akanifunga nacho kiunoni kwa mikono yake.

Tulifunga ndoa kabla ya safari yake ya iniversite. Siku ya karamu Mama aliweka sahani mbili. Watu wakanitazama nitafanya nini. Nikachukua mukebuka mkubwa kuliko wote, nikauweka mbele ya sanamu.

— Kula, shemeji. Samaki ninagawa. Bwana sigawi.

Lo, vigelegele! Hata Papa Barthélemy, baba yangu, mtu wa reli asiyecheka, alipiga meza.

Kituoni Pontien alisimama dirishani pa treni ya kwenda Kabalo, sanamu mfukoni, ananitazama, midomo imefungwa, machozi yako karibu. Treni ikavuta. Ndipo mluzi ukapigwa, ule wa meno, kutoka kule kule kwenye dirisha lake. Midomo ya bwana wangu haikutikisika.

Sikuogopa tena.

— Umulinde, Isidore! nikapaza sauti.

Mama Léontine akanishika mkono.

Na ninyi mnaosoma, kitendawili: bibi na bwana waliagana kituoni, mikono iliyopungwa ilikuwa mitatu. Wa tatu ni wa nani?