Meno ya Deolinda na Deni la Nyumba

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, ndiyo siku mambo yetu yalipoharibika. Wala siku hiyo hatukulia. Tulifurahi.

Mimi na mke wangu Deolinda tulivaa nguo za Jumapili. Tulishuka mjini kwa miguu, maana basi linataka nauli. Deolinda alikumbatia mkoba wake kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na akiba yetu yote. Tulikuwa tunakwenda benki kupunguza deni la nyumba kabla ya wakati wake.

Sisi ni watu wa viatu. Mimi nilianza kukata ngozi kiwandani nikiwa mtoto. Deolinda alishona viatu nyumbani kwa cherehani, akilipwa kwa jozi. Shule sikufika mbali. Hesabu niliyoijua ni ya kushoto na kulia.

Ndani ya mkoba ule mlikuwa pia na hela ya meno. Deolinda hakuwa na meno manne ya mbele, ya juu. Hospitali ya serikali hung'oa, hairudishi. Kurudisha ni kwa mwenye pesa. Kwa hiyo mke wangu alichovya mkate wa mahindi kwenye supu ndipo aule. Na alipocheka, aliziba mdomo kwa kiganja. Alipenda sana kucheka, lakini kicheko chake chote kilikaa nyuma ya mkono.

"Na hela ya meno?" nilimuuliza njiani.

"Imo humu humu."

"Deolinda, harusi ya binti yako ni Agosti."

"Nimeweka nadhiri kwa Bikira, Mama wa Mlimani. Sitatia meno mdomoni mpaka nyumba iishe deni. Nyamaza wewe mwanamume, usiniharibie nadhiri yangu."

Kwetu ndivyo tulivyo. Mmoja huahidi kupanda kilima kwa magoti. Mwingine, mguu wake ukipona, hupeleka mguu wa nta kanisani kushukuru. Deolinda alitoa meno.

Meneja wa benki aliitwa Dokta Taveira. Kwetu mtu akimaliza chuo tu huitwa dokta, hata kama hajawahi kutibu kuku. Alitupokea vizuri.

"Hongereni sana! Laiti wateja wote wangekuwa kama nyinyi. Sasa, tupunguze miaka ya kulipa, au tupunguze rejesho la kila mwezi?"

Tukatazamana.

"Lipi lina faida?" aliuliza Deolinda, mkono mdomoni.

"Mkipunguza miaka, riba yote mtakayolipa itakuwa ndogo zaidi."

"Basi punguza miaka."

Dokta Taveira hakusema uongo. Lakini hakuuliza, "Je, mmebakiza kitu nyumbani?" Swali hilo halina faida kwa benki. Tukatia sahihi, akatushika mikono. Tulitoka na sarafu za kahawa tu. Tukaingia mgahawani. Deolinda aliagiza keki laini ya mayai, ile isiyohitaji meno.

"Miaka kumi na mitatu tu imebaki," aliniambia. "Nitakuwa bibi kizee mwenye meno mapya. Utanikimbia."

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jumatatu, tulikuta lango la kiwanda limefungwa kwa mnyororo. Mashine zilikuwa zimeondolewa Jumapili, sisi tukiwa kanisani tunaomba. Mwenye kiwanda hakupokea simu. Kibarua mwenzangu alichungulia dirishani.

"Wameacha nini?" nikamuuliza.

"Wameacha kalenda."

Tulikwenda kwenye ofisi za wakubwa. Walituambia posho ya wasio na kazi itakuja. Kila kitu cha serikali huja, ila hujui kitakukuta hai au la. Lakini rejesho la benki lilijua njia ya nyumbani kwetu. Lilifika mwezi ule ule.

Nikarudi kwa Dokta Taveira.

"Nirudishie kidogo tu katika zile tulizoleta," nilimwambia.

"Mzee Belmiro, zile si akiba tena. Zimeshaingia kwenye deni. Hazitoki."

"Juzi tu ulinipongeza."

"Nakupongeza hata leo."

Tulishindwa rejesho la Januari. La Februari likatushinda pia. Posho ilipofika, ililipa duka na umeme. Benki ikaanza kutamka neno la kuuza nyumba. Nyumba yenyewe tuliijenga kwa mgongo. Deolinda alichanganya zege akiwa na mimba ya binti yetu Rosalina. Sasa tulikuwa tunanywa humo supu ya kabeji bila hata tone la mafuta, tukizitazama kuta zake kama kuta za watu wengine.

Jirani yetu ni Bi Filomena. Anafanya kazi katika chama cha kutetea wateja, na kila Alhamisi hukaa katika ofisi ya kata kusikiliza watu. Siku moja alileta buti lake lishonwe zipu. Akamkuta Deolinda analia juu ya cherehani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Bado," nikamjibu.

Akavuta kiti. Tukamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Kwani kulipa mapema ni kosa, Bi Filomena?" nilimuuliza. "Maana tulifundishwa deni ni aibu."

"Kulipa mapema ni jambo jema. Kutoa chote ndiko kubaya. Nyumba ni kama mtungi wenye shingo nyembamba, Belmiro. Kuingiza ni rahisi, kutoa ni kazi. Kwanza unaweka akiba ya dharura. Ya kuwalisha miezi sita, pamoja na umeme na rejesho. Hiyo huigusi mpaka mambo yaharibike."

"Halafu?"

"Halafu unatenga hela ya jambo lako la maisha. Kwa Deolinda ni meno. Kwa mwingine ni masomo. Iwe ndogo, lakini kila mwezi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho unachopeleka benki kupunguza deni."

"Kwa mshahara wa viatu, kinabaki nini?"

"Kuna mwezi hakibaki kitu. Mwezi huo unalipa rejesho lako la kawaida na kulala. Nyumba haina miguu, haitakimbia."

Deolinda alicheka kidogo, mkono ukapanda mdomoni.

"Na kabla ya kutoa hata senti," Bi Filomena aliendelea, "iulize benki, na ikujibu kwa maandishi. Ada ya kulipa mapema ni kiasi gani? Taarifa itolewe siku ngapi kabla? Rejesho jipya litakuwa kiasi gani? Mwenye kazi ya uhakika apunguze miaka, ataokoa riba. Asiye na uhakika apunguze rejesho, apate kupumua."

"Hapa kwetu kazi ya nani ina uhakika?" nikauliza.

"Ya Taveira," alisema Deolinda.

Bi Filomena akauliza jambo jingine.

"Bima ya maisha ya mkopo huu ni ya nani?"

"Yangu. Mimi ndiye mwenye mshahara."

"Na Deolinda akitangulia?"

"Huyu? Huyu atatuzika sote, mimi na benki yenyewe!"

Bi Filomena hakucheka. "Mlikopa wawili. Mkatieni na yeye, kwa deni lote. Anashona, anapika, anaingiza hela. Siku asipokuwepo utajua bei yake. Na maswali ya afya myajibu kwa ukweli, msije mkanyimwa haki yenu."

"Hayo yote nimeelewa," alisema Deolinda. "Lakini meno hapana. Nimemwahidi Mama wa Mlimani."

Bi Filomena akamshika mkono, ule ule wa kuzibia mdomo.

"Mama wa Mlimani hajakuomba meno, Deolinda. Aliyeomba ni benki."

Jumapili mke wangu alikwenda kwa padri. Padri akambadilishia nadhiri: badala ya meno, mishumaa.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda benki watatu. Bi Filomena alikuwa na barua yetu ya kuomba nafuu. Safari hii Dokta Taveira alituletea viti mwenyewe. Wakubwa hukumbuka adabu wakiona shahidi. Benki ilikubali kuirudisha ile miaka tuliyoipunguza. Rejesho la kila mwezi likashuka. Nyumba haikuuzwa. Mimi nikapata kazi katika kiwanda kingine, kwa mshahara mdogo na mkataba wa miezi michache michache. Deolinda akakatiwa bima yake.

Tukaanza upya, tukifuata maneno ya jirani. Chupa moja tuliitia hela ya dharura, nyingine ya meno. Benki ilipata rejesho lake tu.

Agosti, Rosalina aliolewa na Hélder, fundi umeme. Meno yalikuwa bado. Mpiga picha alihangaika.

"Mama wa bibi harusi, shusha mkono!"

"Piga tu, mwanangu," Deolinda alimjibu. "Mkono nao ni wangu."

Mwaka uliofuata paa lilivuja. Akiba ya dharura ikamlipa fundi, hatukukopa. Ndipo nilipoamini kwamba Bi Filomena alikuwa amesema kweli. Tukaijaza chupa ile tena. Majira ya baridi ya pili yalipofika, chupa ya meno nayo ikatimia. Tukawa na ziada ndogo, tukaiandikia benki barua na kupunguza deni kidogo, bila kujiumiza.

Deolinda alikwenda kwa daktari wa meno kuchukuliwa kipimo. Alirudi amechangamka.

"Wamenijaza mdomo uji unaoganda!" alinisimulia. "Nikafikiri watanizika humo. Wiki tatu tu, mwanamume wewe. Nitakung'ata."

Wiki ya pili alianguka juu ya cherehani, kiatu cha mtu mwingine mkononi. Moyo. Nilipiga simu. Zahanati yetu ya karibu ilikwisha fungwa na wakubwa, eti wagonjwa ni wachache. Gari la wagonjwa lilitoka mbali, na liliposimama mlangoni hapakuwa na mgonjwa tena.

Baada ya mazishi niliitwa benki. Dokta Taveira alisimama.

"Pole sana, Mzee Belmiro. Bima ya marehemu imelipa deni lote. Nyumba sasa ni yako. Imelipwa miaka mingi kabla ya wakati wake."

"Nipongeze basi," nikamwambia.

Akanisogezea karatasi nitie sahihi.

Siku chache baadaye simu ya nyumbani ililia. Sauti ya msichana, nzuri, yenye heshima.

"Naomba kuongea na Bi Deolinda. Meno yake yako tayari. Aje ayajaribu."

Niliyafuata. Yalikuwa yamelipiwa. Yamo ndani ya kisanduku, juu ya kabati, katika nyumba isiyo na deni. Wakati mwingine nakifungua jioni nikitoka kazini. Ni meno mazuri. Hayajawahi kuuma hata mkate.

Elimu ya Bi Filomena haikukosea. Ilichelewa. Ingekuja kabla ya Jumanne ile, meno yangempata mwenyewe. Kwa nini wenye benki na wenye serikali, wenye karatasi na kalamu, hawasemi mambo haya mlangoni, mtu akiingia na mkoba wake? Sitaki kuwatetea. Lakini wewe unayesoma, usiwasubiri.

Binti yangu hakuwasubiri. Rosalina na Hélder nao wana mkopo wa nyumba. Siku moja Hélder alipata hela ya kazi kubwa, akataka kuitupa yote benki.

"Tumalize mapema, Rosa!"

"Kamtazame baba kwanza," Rosalina alimjibu. "Ana nyumba nzima. Muulize anaongea na nani humo ndani."

Hélder akakaa chini. Wakaanza na akiba ya dharura. Bima wameikata kwa majina yao wote wawili. Rosalina anasoma uuguzi, jambo aliloliota tangu utotoni, na ada yake inatengwa kila mwezi kabla ya benki kuguswa. Kinachobaki, wakiandikiana na benki, ndicho kinachopunguza deni. Linapungua polepole. Juzi alifaulu mtihani wa mwaka wa pili. Alicheka mezani, mdomo wazi, meno yote nje. Ilinibidi nitoke nje, uani.

Sasa Novemba imekaribia tena, mwezi wetu wa kuosha makaburi. Kaburi la Deolinda bado halina picha. Kwetu jiwe bila picha ni kama mlango bila jina. Nilimpelekea fundi wa mawe ya makaburi picha zote za mke wangu, achague moja ya kuchapa kwa moto kwenye kigae cha kaburi.

Akazipanga mezani. Ya ubatizo wa Rosalina: kiganja mdomoni. Ya Krismasi: midomo imefungwa. Ya harusi: kiganja. Akazigeuza, akatafuta nyingine chini yake. Hazikuwepo.

"Samahani, mzee," aliniuliza taratibu. "Kwani huyu mama hakuwahi kucheka?"