Kitambaa cha Ngalula

Zamani zile, Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, wanawake wa kambi ya wafanyakazi walikutana bombani kila asubuhi. Virginie alifika na ndoo yake, mtoto mgongoni, rafiki yake Ngalula ubavuni. Nyumba zao ziligusana ukuta. Jioni walikula bukari, ugali wa kwao, kwenye sahani moja, waume zao wakiwa bado kiwandani wakiyeyusha shaba.

Sasa Virginie aliteka maji peke yake. Na katika jua kali la Oktoba alivaa nguo ya mikono mirefu.

Mambo yalianza baada ya kujifungua. Ngalula alimfunga tumbo kwa kitambaa chake kipya, kama wanawake wanavyofanyiana. Wiki chache zikapita. Pale kitambaa kilipokaza, ngozi ilivimba, ikawasha, ikaota magamba meupe. Kisha viwiko. Kisha magoti. Na Ngalula, ambaye zamani hakukosekana mlangoni, akaacha kuja. Hata kwenye sahani ya Virginie hakutia tena mkono.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Virginie aliishika methali hiyo, akaacha kufikiri.

Shangazi yake, Mumba, alikuja kutoka Kambove. Alitazama, akaguna. Akachukua wembe, akamchanja chale mkononi, akapaka dawa ya mizizi.

"Kama ni mukono ya muntu, itaonekana," alisema.

Ikaonekana kweli. Vidonda vilipopona, magamba yaliota juu ya chale zilezile, mstari kwa mstari.

"Ni Ngalula," alisema Stanislas, mume wa Virginie. "Jumatatu nitaenda kwa chef, mukubwa ya kambi. Batoke mu ile nyumba, yeye na bwana yake."

Virginie hakumzuia, lakini roho ilimuuma. Ngalula ndiye aliyemshika mkono wakati wa uchungu wa kuzaa. Mtu anaweza kukushika vile na kukuchukia?

Jumamosi kina mama walipeleka watoto dispensari kupimwa uzito. Faustin, muuguzi wa kambi, alimweka mtoto kwenye mizani. Virginie alipoinama kumpokea, mkono wa nguo ulipanda.

"Mama, onyesha hapo."

"Ni kitu bure."

"Kitu bure, na unaificha mu hii jua?"

Virginie alipandisha mkono wa nguo kwa hofu. Aliwajua watu waliopelekwa kwenye kambi ya wakoma, wasirudi. Faustin alichukua kipande cha pamba.

"Funga macho. Nikikugusa, sema."

"Hapa," alisema Virginie. "Hapa. Na hapa."

"Fungua macho. Haiko bukoma. Doa ya bukoma haisikie kitu. Yako inasikia, tena inawasha. Docta anaiita psoriasis. Haiambukize muntu, hata mutoto anayenyonya."

Virginie alishusha pumzi, lakini mashaka hayakuisha.

"Basi juu ya nini ilianza pa kitambaa ya Ngalula, kama hakuniloga?"

"Ilikaza?"

"Sana."

"Na hii mistari?"

"Shangazi yangu alinichanja."

"Basi shangazi naye ni muloji?"

"Shangazi? Yeye njo alinilea!"

"Wembe yake imefanya kazi moja na ile kitambaa. Hii ugonjwa inapenda kutokea pale ngozi inaumia. Sikia, mama. Ngozi ya kila muntu inakufa na kuzaliwa mupya, polepole. Yako, pale pa madoa, inafanya haraka. Mupya inafika kabla ya ile ya zamani kuanguka. Inapandana, njo magamba. Na damu inakimbilia pale, njo kuvimba."

"Nani aliniletea?" Virginie bado alimtafuta mtu.

"Hakuna muntu. Mara mingi inapita mu jamaa. Kuzaa inaweza kuiamsha, baridi pia, mawazo pia. Kwenu hakuna muntu alikuwa nayo?"

Virginie alikumbuka kofia ya marehemu baba yake. Hakuivua hata kanisani, padri akamgombeza mbele ya watu. Chini yake, kichwa kilijaa magamba.

Faustin alimpa mkebe wa mafuta meusi ya lami. Alimwambia aache kujisugua kwa gunzi la mahindi, apake mafuta baada ya kuoga, na asichanjwe tena.

"Itapunguka," alisema. "Siku ingine itarudi. Ukiiona, kuja huku."

Virginie alikwenda moja kwa moja kwa Ngalula, akamweleza yote.

"Miye nilizania ni bukoma," alisema Ngalula, akiangalia chini. "Niko na batoto. Njo niliacha kula na weye."

"Na miye nilisema weye ni muloji. Stanislas anataka bakufukuze."

Ngalula aliinua uso, akamkazia macho. Aliumia, na ilionekana.

"Ningetaka kukuloga, ningekufunga tumbo juu ya nini?" alisema. "Ingia. Bukari inapoa."

Jumatatu Stanislas, aliyekwisha kuelezwa yote na Virginie, alikwenda kazini, si kwa chef. Mafuta ya lami yalinuka nyumba nzima, lakini magamba yalipungua, na Virginie akarudi kuvaa mikono mifupi.

Mwezi wa sita baridi iliingia. Asubuhi moja Virginie aliona magamba yamerudi kwenye kiwiko. Macho yake, kwa mazoea mabaya, yakaenda ukutani kwa jirani.

Mlango ukagongwa. Ngalula aliingia, akaona kiwiko, akauchukua mkebe kutoka kwenye rafu.

"Leta mukono," alisema, akaanza kumpaka kwa kiganja chake kitupu.